Mlango unagongwa usiku

Jumapili hii zamu ya kukaribisha kikundi chetu cha kusoma vitabu ilikuwa kwangu, kwa hiyo kuanzia saa nane nilishachemsha chai ya tangawizi na kukaanga mihogo nawasubiri wenzangu barazani. Tuko watano. Mwezi huu tulikubaliana kila mtu aje na kitabu kimoja cha kutisha au cha taharuki alichokisoma karibuni, atuambie ukweli kimemtisha au hakikumtisha. Vingi tunavipata kwa wauza vitabu vya mtumba karibu na stendi, vya Kiingereza, vingine jalada lilishatoka zamani, tunapokezana halafu tunavijadili kwa Kiswahili chetu.

Mwalimu wetu, mstaafu, ndiye mkubwa kuliko sote kwa hiyo yeye huwa anaanza. Amerudia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 kikaja kuchapwa 1960. Anasema utamu wake ni kwamba mtu ameuawa, kila mmoja anautazama mzimu kwa woga, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake anauliza maswali ya kawaida kabisa na giza linaanza kupungua. Kijana wetu, yule mdogo kuliko wote, akasema lakini Mwalimu, basi hicho si cha kutisha, manake mwisho kila kitu kinaelezeka. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, hofu inayokwisha ndiyo inayonifaa umri huu." Tukanyamaza kidogo, si kwa ubaya.

Dada nesi alikuwa na Misery, ya Stephen King, ya 1987. Mwandishi anapata ajali kwenye theluji, anaokolewa na mwanamke aliyekuwa nesi na anayependa mno vitabu vyake, na ndani ya ile nyumba ndiko mateso yanakoanzia. Sisi wote tulijua atazungumzia shoka ambalo yule mwanamke anamkatia mwandishi mguu. Wala. Alizungumzia vidonge vya maumivu. Alisema amefanya kazi wodini miaka mingi na ile sehemu mwanamke anachelewesha dawa makusudi mpaka mtu mzima anaanza kubembeleza kama mtoto, pale aliweka kitabu chini akaenda kukaa nje. "Mgonjwa akishajua dawa unayo wewe, anakutazama kama roho yake umeishika mkononi, na hilo chuoni hawakufundishi." Nimelifikiria hilo neno wiki nzima.

Mama mdogo yeye alisoma Pet Sematary, ya Stephen King huyo huyo, akaishia pale mtoto na lori. Anakaa kando ya barabara kuu na ana mjukuu wa miaka miwili. Hatukumuuliza zaidi.

Halafu ikaja zamu ya kitabu kilichotugawa, The Haunting of Hill House cha Shirley Jackson, cha 1959. Mimi na kijana tulikisoma wote wawili, kopi ile ile moja, alianza yeye. Akasema wazi, dada nisamehe, kinaboa. Alikuwa ameangalia ile tamthilia ya Netflix ya 2018 yenye familia na watoto na mizimu imesimama kwenye kona, kwa hiyo alikuwa anaitafuta humo. Humo haimo. Kitabuni wanaokwenda kukaa kwenye ile nyumba mwanzoni ni watu wanne tu, daktari anayechunguza mambo ya mizimu, kijana atakayerithi nyumba, na wanawake wawili, Theodora na Eleanor. Wanagongewa milango usiku, kuna sehemu moja ya baridi kali ambayo daktari anataka kuipima kwa kipimajoto, ukutani yanatokea maandishi ya kumwita Eleanor, lakini mzimu wenyewe humuoni mpaka unafunga kitabu. Kijana anasema mwandishi anatakiwa atuonyeshe adui, stelingi hawezi kupigana na mlango.

Mwalimu akaingilia na jambo zuri sana kuhusu hiyo haunting, yaani nyumba kuwa na mizimu. Akasema sisi huku Pwani tungesema tu nyumba ina wenyewe, na ukishasema ina wenyewe maana yake kuna mtu wa kuzungumza naye, utafukiza ubani, utaita watu wasome, utauliza mnataka nini. Hill House haiulizwi na mtu yeyote inataka nini, watu wanakaa humo wanapima na kuandika. Dada nesi akakumbushia habari za popobawa, lile jini lililosemekana kuwavamia watu usiku, Zanzibar mwaka 1995, watu walikuwa wanalala nje pamoja, wamewasha moto, jirani na jirani. Hofu ni ile ile ya usiku lakini hakuna aliyeachwa nayo peke yake. Hapo ndipo nilipoanza kusikia joto la uso, kwa sababu nilijua sasa natakiwa niseme na mimi.

Nikasema sikubaliani kabisa na kijana. Kwangu hakuna kitabu kilichonitisha kama hiki na nitaeleza kwa nini. Eleanor kabla ya kufika kwenye ile nyumba alimuuguza mama yake miaka 11. Usiku ule mlango unapogongwa kwa mara ya kwanza yeye yuko usingizini, na anachoitikia ni kwamba anakuja mama, anakuja. Anadhani ni mama yake anagonga ukuta kama zamani, kumbe mama keshakufa. Na mbele huko anakuja kusema mwenyewe kwamba ule usiku mama aliofariki aligonga na kuita na yeye hakuamka. Kijana akasema eh, hapo mimi nilipita tu.

Mimi sikupita. Mama yangu alipata kiharusi, upande wa kulia wote ukafa, sauti ikawa haitoki vizuri, tukampa kikombe cha bati akikitaka kitu usiku anakigonga kwenye chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nalala chumba cha pili. Miaka miwili usingizi wangu ulikuwa ni wa kusikiliza, yaani hata leo kijiko kikianguka jikoni kwa jirani mimi nimeshasimama. Kuna usiku mmoja nilichoka sana. Nilisikia kile kikombe, nakumbuka nilikisikia, nikajiambia naota, nikageuka upande wa pili. Alfajiri nikamkuta macho, kikombe kiko sakafuni mbali, shuka limelowa na limeshapoa. Hakunilaumu, alinitazama tu. Aliishi wiki tatu baada ya hapo, na nilimhudumia kila usiku, lakini ule mmoja sikuwahi kumwambia mtu, hata ndugu zangu kwenye arobaini walipokuwa wananishukuru mbele za watu nilinyamaza.

Kwa hiyo mtu akiniambia kitabu hiki hakina adui mimi nashangaa. Shirley Jackson hakuhitaji kuleta sura yoyote kwenye kona. Alijua kugonga peke yake kunatosha kwa mtu ambaye aliwahi kugongewa asiamke. Na ile nyumba, kama ni nyumba, ilijua imchague nani kati ya wale wanne.

Niliongea yote hayo kwa mkupuo, chai imepoa. Mama mdogo alikuwa analia bila sauti. Kijana akasema, "Dada, nitakisoma tena," na najua atakisoma. Mwalimu hakusema kitu, akanishika bega alipokuwa anaaga. Dada nesi yeye alibaki kunisaidia vyombo, akaniuliza, "Mdogo wangu, kile kikombe kiko wapi?" Nikamuonyesha, kipo kabatini nyuma ya sahani za wageni. Akakitoa, akakiosha pamoja na vingine, akakifunika pale juu kwenye kichanja kikauke. Halafu akaomba kitabu aende nacho zamu ya usiku.

Jana saa nane usiku simu ikaita mlio wa meseji. Ni yeye. "Nimefika pale mlango unagongwa. Wodi imetulia, wagonjwa wote wamelala. Nimepita kitanda hadi kitanda kuhakikisha." Nikamjibu niko macho.