Siku moja nikimtafuta Ole mwana wa Hans

Saa 11 alfajiri. Hapa St. Paul, Minnesota, theluji imelifunika gari langu hadi kwenye vioo. Norway wametutangulia kwa saa saba, kwa hiyo mimi nikifumbua macho wao wako kwenye chakula cha mchana, na kuna mtunza nyaraka nataka nimjibu kabla hajafunga ofisi. Nateleka chai ya maziwa, tangawizi ya kutosha, nafungua kompyuta.

Kazi yangu ni kuwatafutia Wamarekani asili ya mababu zao waliotoka Norway. Wengi hudhani ni kazi ya kubonyeza: unaandika jina, ukoo mzima unatokea kwenye kioo. Hata ndugu zangu wa Machame waliwahi kuniuliza kama kweli kuna mtu anayelipa pesa ili aambiwe babu yake ni nani. Wapo, na wana sababu. Tangu meli ya Restauration ilipong'oa nanga Stavanger mwezi Julai 1825 ikiwa na watu 52, zaidi ya watu laki nane waliihama Norway katika miaka mia iliyofuata. Wajukuu na vitukuu wamebaki na picha moja, Biblia wasiyoweza kuisoma, na jina la kijiji lililokosewa kutamkwa vizazi vitatu mfululizo.

Mimi nilikuja huku kutunza wazee. Bibi mmoja niliyekuwa namwogesha na kumlisha alikuwa na kopo la biskuti lililojaa barua za mama yake, na nyumba nzima hakuna aliyejua zinasema nini. Alifariki bila kusomewa hata moja. Baada ya msiba ule nilianza kujifunza mwandiko wa zamani wa Kinorwe, usiku kwa usiku, miaka miwili.

Kufikia saa 3 nimemaliza vitu vidogo: sensa ya 1910 ya mteja mmoja, orodha ya wasafiri ya polisi wa Kristiania (Oslo ya leo) ya mwingine, na ubatizo wa 1797 ambao mchungaji hakuuandikia tarehe, aliandika tu "Dom. 5 p. Trin." Aliyelelewa kwenye usharika wa Kilutheri wa KKKT hahangaiki hapo. Ni Siku ya Bwana ya 5 baada ya Utatu. Pasaka ya mwaka ule iliangukia 16 Aprili. Hesabu majuma, unafika 16 Julai.

Saa 3 na robo simu inalia.

Ni mama wa miaka sabini na kitu. Ole ni babu wa baba yake. (Majina nimeyabadilisha.) Amenipa kazi wiki tatu zilizopita na tangu hapo hunipigia karibu kila siku. Binamu yake ameshachora mti wa ukoo kwenye intaneti, na mti huo unasema Ole alizaliwa 1841 Toten, kaskazini mwa Oslo. Ukoo unakutana mwezi ujao, fulana zimeshachapishwa zikiwa na mwaka huo. Anachotaka kwangu ni muhuri tu.

Namweleza tena. Sensa ya Marekani ya 1900 iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na Ole mwenyewe, akiwa hai, alijibu Mei 1843. Anasema karani alikosea. Inawezekana, makarani walikosea sana. Namwambia sensa ya Norway ya 31 Desemba 1865 inamtaja kijana Ole Hansen wa Toten, miaka 23. Anapiga hesabu papo hapo: "Basi huyo ni wa 1842, wala si wako wala si wangu!" Namwambia mwaka ule walihesabu na mwaka ambao mtu bado anaendelea nao, kwa hiyo 23 ni aliyetimiza 22, yaani wa 1843. Kimya kidogo. Kisha anarudi kwenye jina. Kama ni mtoto wa Hans, kwa nini Hans naye si Hansen?

Hapa ndipo ninapochoka, maana nyumbani jambo hili halihitaji maelezo. Hassan akimzaa Juma, mtoto ni Juma Hassan. Juma akimzaa Ali, ni Ali Juma. Norway ya vijijini ilikuwa hivyo hivyo mpaka sheria ya 1923 ilipotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu. Hans ni mwana wa Ole mwingine, kwa hiyo ni Hans Olsen. Juu ya hapo kuna jina la shamba, na shamba ni mahali mtu anapokaa. Akiwa Haugen ni Ole Hansen Haugen. Akihamia Bakken anakuwa Bakken. Walipofika Amerika ikawabidi wachague moja. Ole wetu kwenye sensa ya 1880 ni Hanson, kwenye daftari la kanisa ni Haugen, na kaka yake alizikwa kwa jina la tatu kabisa.

Anauliza kama vitabu vya kanisa vya Norway si vya bure kwenye tovuti ya Digitalarkivet. Ni vya bure. "Sasa nakulipa nini?" Simjibu. Dakika 50 zimekwenda na sitazitoza.

Saa 5 niko barabarani kuelekea kusini. Safari ya saa moja na nusu inakuwa mbili na nusu kwa sababu ya barafu. Kanisa ni dogo, jeupe, katikati ya mashamba ya mahindi yaliyolala chini ya theluji. Mzee mwenye ufunguo tuliahidiana saa 7 na nusu. Anafika saa 9 kasorobo, trekta lilimgomea, anaomba radhi kwa dhati hata siwezi kukasirika. Tanuru la kanisa halijawashwa. Ananifungulia kabati la chuma na kuniachia koti lake la ziada.

Naeleza kwa nini niliendesha gari kote huko. Sensa za Marekani za miaka ile zinaandika "Norway" basi, na ile ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington wa 1921 na yaliyofuata. Lakini wachungaji waliokuja na wahamiaji walikuja na mazoea yao ya kuandika. Naipata safu ya mazishi ya Ole, kwa Kinorwe, wino wa kahawia: alipozaliwa, Toten, tarehe, siku na mwezi, 1843. Mikono inatetemeka, nusu baridi. Mzee anauliza ni ndugu yangu? Namwambia hapana, mzee, ila nimekaa naye wiki tatu.

Tarehe moja haitoshi. Nyumbani nafika kiza kimeshaingia, sijui ni saa ngapi, nakula wali wa jana nikiwa nimesimama. Kisha vitabu vya Toten, ukurasa kwa ukurasa. Katika mwandiko ule herufi e hufanana na n, na neno zima linaweza kuwa kama meno ya msumeno. Macho yanauma, mgongo unauma. Wavulana walioitwa Ole wenye baba Hans, waliobatizwa mwaka ule katika parokia hiyo, ni wanne. Wa kwanza alihamia Kristiania. Wa pili anaonekana kwenye sensa ya 1875 bado yupo kijijini. Wanabaki wawili.

Linaloniokoa ni jambo la nyumbani kwetu pia: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na binti naye mara nyingi jina la bibi. Kifungua mimba wa Ole Minnesota ni Hans, sawa, hilo halibagui. Binti wa kwanza ni Marthe. Kati ya akina Ole wawili waliobaki, mmoja tu ndiye mwenye mama Marthe. Namfuata kwenye kipaimara, 1858, tarehe ile ile ya kuzaliwa, na kando kuna neno la kuthibitisha kuwa amechanjwa ndui. Bila chanjo mchungaji hakumpokea. Namfuata kwenye orodha ya waliohama, 1869: Amerika.

Ningeweza kulala hapo. Lakini ule mwaka 1841 binamu aliutoa wapi? Narudi nyuma. Yupo kweli. Ole, baba Hans, mama Marthe, shamba lile lile. Wazazi wale wale. Moyo ukaniambia fungua mazishi. Ukurasa wa mchungaji umeharibiwa na maji, sioni kitu. Lakini tangu 1812 sheria iliagiza karani wa kanisa awe na nakala yake, itunzwe nyumba nyingine ili moto ukija usile vyote. Naifungua nakala ya karani. Yupo. Ole, mwana wa Hans, umri wiki tatu.

Walimzika, na mwana aliyefuata wakampa jina lile lile ili babu asipotee.

Nampigia yule mama, ingawa ni usiku. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kutetea kazi yangu, nikayaacha. Namsomea safu zote mbili. Hasemi kuhusu fulana. Namsikia akivuta kiti.

"Alizikwa tarehe gani?"

Namtajia.

"Subiri nichukue kalamu," anasema. Anaomba nirudie polepole, jina la baba, jina la mama, shamba, na majina ya wadhamini watano waliosimama naye kwenye ubatizo, herufi kwa herufi. Tunamaliza saa 5 usiku.