Nilivyofundisha riwaya ya 1984 kwa wanafunzi 46 na vitabu tisa

Ushauri wa kwanza niliopewa kwenye stafurumu ulikuwa mfupi: wape noti. Andika ubaoni maisha ya George Orwell, maudhui kumi, wahusika na sifa zao, wanakili, basi. Aliyenishauri ni mtu mzuri, hata chai alininunulia, lakini mwaka huo nilimtii na nikapokea insha moja iliyoandikwa mara arobaini na sita. Karibu wote walidai kwamba Kaka Mkubwa, kiongozi wa Chama kinachotawala katika riwaya, ndiye aliyemkamata Winston, mhusika mkuu ambaye kazi yake ni kurekebisha magazeti ya zamani yaendane na anayosema Chama. Kaka Mkubwa hakutani na Winston hata mara moja. Ni uso kwenye mabango na kwenye skrini, na riwaya haituambii hata kama mtu huyo yupo. Lakini noti zikishamweka chini ya "wahusika", namba tatu, mwanafunzi atamtafutia kazi ya kufanya.

Mwaka uliofuata nilianza na sentensi ya kwanza na nikakaa hapo kipindi kizima, dakika arobaini. Ni siku ya baridi ya Aprili na saa zinagonga kumi na tatu. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo saa imeharibika." Msichana wa mbele akapiga hesabu: saa ya simu ikionyesha 13:00 ni saa saba mchana, wakati wa chakula. Wote wawili wamepata. Saa ya kengele tuliyoizoea haipiti kumi na mbili, kwa hiyo msomaji anashtuka. Na ni saa ya chakula kweli, maana Winston ameacha chakula cha kantini ili arudi kwake.

Swali linalofuata ni: nani alibadilisha saa? Jibu liko mbali kidogo, sura ya nane ya sehemu ya kwanza, ambapo mzee anaagiza painti, kipimo cha zamani, ya bia na mhudumu anamwambia kuna lita na nusu lita tu: Chama kimebadilisha vipimo. Hapa Kisumu sihitaji kueleza sana. Nawauliza: gorogoro, lile kopo la kupimia unga, likipigwa marufuku soko la Kibuye leo, ibaki kilo peke yake, mjukuu wako atajuaje kama unga ulikuwa nafuu zamani? Winston anamuuliza mzee yule kama maisha yalikuwa bora, na anachoambulia ni habari za bia na kofia ndefu.

Kuhusu nakala, msihangaike. Orwell alifariki Januari 1950, na sheria ya Kenya hulinda kazi ya mwandishi kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo kupiga chapa si wizi. Saiba (duka la intaneti na kopi) ya karibu na steji ilinitoza shilingi tatu nne hivi kwa ukurasa, pande zote mbili. Usichape sura zote 24. Sura ya pili, ya nne na ya tano za sehemu ya kwanza ndizo kila mwanafunzi awe nazo mkononi, kwa sababu ya chokoleti.

Chokoleti ndiyo mtego wangu, na nitajisifu kidogo. Katika sura ya pili inatangazwa kwamba mgao utapunguzwa kutoka gramu 30 hadi 20. Katika sura ya nne Winston anairekebisha ahadi ya zamani kwamba hautapunguzwa. Katika sura ya tano watu wanashukuru kwa kuongezewa hadi gramu 20. Ukieleza hivyo kwa mdomo, darasa linaitikia "ndiyo mwalimu" na halijasikia kitu.

Kwa hiyo kabla hawajasoma nilibandika tangazo Jumatatu: kila mmoja atapata karatasi tatu za fulskapu kwa wiki. Alhamisi asubuhi, kabla hawajaingia, nikalitoa na kuweka jingine: "Tumeongeza karatasi hadi mbili", na tarehe ileile ya Jumatatu. Jaribio la kwanza lilinifia mkononi. La Jumatatu niliandika kwa kalamu nyeusi, hili kwa buluu, na kiranja akaniumbua mbele ya darasa. Darasa lililofuata nilitumia kalamu moja, karatasi za daftari moja, na pini nikazirudisha kwenye matundu yaleyale. Sharti jingine: usicheke. Walipobisha niliwaambia tu, "Someni tangazo." Dakika kumi baadaye nusu ya darasa ilikuwa inawazomea wenzao kwamba hawasikilizi. Kisha msichana wa nyuma akainua daftari lake. Alikuwa amenakili tangazo la kwanza, na tarehe juu. Nilipolitaka akalikalia. Hapo ndipo nilipogawa sura ya nne, yenye lile shimo la ukutani linalopeleka karatasi motoni, na hakuna aliyesinzia.

Lugha-mpya, ile Chama kinayoitunga kwa kupunguza maneno, nayo haifundishiki kwa tafsiri ya maneno. Andika ubaoni: hasira, ghadhabu, hamaki, mori, uchungu, kinyongo, mfundo, chuki. Futa yote, ubakishe hasira, na kwa ukali ruhusu "hasira-zaidi" na "hasira-zaidi-zaidi", kama Chama kilivyolifanyia neno la uzuri. Piga marufuku haki, dhuluma na lawama. Sasa waandike barua ya kulalamikia githeri (mahindi na maharagwe) yenye wadudu. Lalamiko kali kuliko yote nililopata lilikuwa "Githeri si-nzuri-zaidi-zaidi." Baada ya hapo maneno ya Syme, mwenzake Winston anayeandaa kamusi ya lugha hiyo, kantini, kwamba kuharibu maneno ni kitu kizuri, wanayasoma wakiwa wameshakereka.

Mvua ya alasiri ikipiga mabati, usisome kwa sauti. Wape kazi ya kuandika. Na kile kitabu cha Goldstein, adui mkubwa wa Chama, ambacho Winston anakisoma kwa kurasa nyingi katika sehemu ya pili sura ya tisa, ndicho kilichoua darasa langu la kwanza. Siku hizi nawaambia watafute mahali Julia, mpenzi wa Winston anayesomewa kitabu hicho, anaposhikwa na usingizi. Wanapita kurasa zote wakimwinda, na mengi yanawabaki kichwani.

Riwaya hii si kitabu teule cha mtihani, lakini insha naisahihisha kama ya karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne: alama 2 za utangulizi, 12 za hoja nne, 4 za lugha, 2 za hitimisho. Kinachowaangusha ni kusimulia. Mwingine anahamia siasa za chama kimoja za Kenya ya 1982 hadi 1991 na harudi. Hoja isiyo na tukio kutoka kitabuni haipati hata nusu.

Usiache kiambatisho cha mwisho, kile cha Lugha-mpya; miongozo mingi hukiruka. Kimeandikwa kwa wakati uliopita, kana kwamba lugha hiyo na watawala wake walishapita, ingawa Winston tumemwacha ameshindwa. Mpe kila mmoja kopi ya ukurasa wa kwanza na kalamu nyekundu, apige mstari chini ya vitenzi. Wasishirikiane kopi moja, maana anayeshika kalamu ndiye pekee anayeona.