Siku moja maishani mwangu: naisubiri lithiamu iingie

Nikisema nafanya kazi ya betri, watu hunipa simu zao niziangalie. Sijui kutengeneza simu. Mimi hukaa maabara nikitazama jinsi lithiamu, metali nyepesi inayobeba chaji ya betri, inavyoingia ndani ya grafiti na kutoka, siku nzima, na mara nyingi usiku pia.

Saa 1:10 asubuhi. Kabla ya chai, kompyuta. Vidonge vyangu (ndivyo tunavyoziita betri bapa za duara, kama zile za saa ya mkononi) vimelala kwenye mashine vikichajiwa polepole mno. Mchoro wa volti ya grafiti, ikipimwa dhidi ya lithiamu tupu, unashuka kwa ngazi: 0.2 hivi, kisha 0.12, kisha 0.085. Grafiti ni karatasi za kaboni zilizopangwa moja juu ya nyingine, na lithiamu haiingii kila pengo kwa mara moja. Huanza kujaza mapengo machache na kuruka mengine, kisha inajipanga upya, inabana, mpaka kila pengo linapata yake: lithiamu moja kwa kaboni sita. Karatasi zilizokuwa zimeachana nanomita 0.335 sasa zimefika 0.37. Kila ngazi kwenye mchoro ni mpangilio mmoja kuupisha mwingine. Nimeuona mara zisizohesabika, na bado naukodolea macho.

Saa 2 hadi saa 4. Kukata elektrodi (bamba la betri, hapa grafiti iliyopakwa) kwenye karatasi ya shaba, kupima, kuandika, kupima tena.

Saa 4:15. Sanduku la glovu. Hapa ndipo siku inapokwenda kufia. Ni kisanduku cha kioo kilichojaa argoni, gesi isiyoingiliana na kitu. Nitrojeni haifai, maana lithiamu huila. Unyevu haupaswi kufika hata sehemu moja kwa milioni, kwa sababu chumvi ya elektroliti (kimiminika kinachopitisha lithiamu ndani ya betri) ikikutana na maji hutoa asidi mbaya sana. Mikono yangu imo ndani ya glovu nene kuliko za jikoni, nashika kwa kibano utando wa kutenganisha elektrodi mbili ambao ni mwepesi kuliko karatasi ya sigara. Umeganda kwenye glovu. Nimeutoa, umeganda kwenye kibano. Springi imeruka ikajificha nyuma ya chupa. Pua ikaanza kuwasha, na ukiwa humo ndani pua haikunwi. Vidonge nane, saa mbili na nusu. Cha sita nilikibana vibaya, kikaenda kwenye takataka, nami nikanyamaza kidogo ili nisiseme neno.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena.

Akaja mwenzetu wa mradi. "Dada, ile ya chaji ya haraka vipi? Si uongeze mkondo tu?" Si uongeze mkondo tu! Nimeshamweleza mara tatu. Ngazi ya mwisho iko volti 0.085 tu juu ya lithiamu tupu. Ukiisukuma kwa nguvu, grafiti inashindwa kupokea kwa kasi hiyo, volti ya elektrodi inashuka chini ya sifuri, na lithiamu badala ya kupenya inabaki juu ikijipaka kama metali. Baridi ikiwepo ni vibaya zaidi. Nikamweleza mara ya nne. Akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kama itawezekana leo.

Basi tukaifungua betri aliyoichaji mwenyewe wiki iliyopita, alipobadilisha programu ya kuchaji bila kuniambia. Ndani ya argoni nikaikunjua taratibu, nikiogopa elektrodi mbili zisigusane. Rangi ya dhahabu! Grafiti nyeusi ikishiba lithiamu hugeuka dhahabu kweli kweli, na ikishiba nusu huwa nyekundu. Lakini pembeni kulikuwa na mabaka ya kijivu, kama majivu yaliyomwagika: lithiamu iliyokosa nafasi ya kuingia. Sehemu yake hairudi tena kazini. Kuna hasara nyingine ambayo hata mimi siwezi kuizuia: chaji ya kwanza kabisa, elektroliti huvunjika juu ya grafiti na kujenga ngozi nyembamba, na ngozi hiyo hula lithiamu. Hiyo naiita kiingilio, nailipa bila kinyongo, kwa sababu bila ngozi hiyo grafiti isingedumu. Ya mabaka sikuilipa mimi.

Akataka tuitoe nje apige picha nzuri. Nikamwambia hewa yenye unyevu itaila ile dhahabu mbele ya macho yake, na mabaka yale si ya kuchezewa. Akapiga kupitia kioo. Imetoka na uso wangu umetanda juu ya mabaka, macho mekundu.

Jioni nimewasha vidonge saba vipya kwa chaji itakayochukua saa 20. Nimebandika karatasi kwenye mashine: USIBADILISHE MKONDO. Jina sikuandika. Anajijua.