Safu ya Mtu Mmoja

Mzee wa mtaa alitaka tumalize haraka. Ilikuwa siku ya nne tangu usiku wa sensa, ule wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na jua la Lamu lilikuwa limetuchosha sote wawili. Alisimama dakani, pale mlangoni, akanihesabia watu wa nyumba ile kwa vidole: mume, mke, mke, mume. Alipofika kidole cha tano akasita.

"Huyo andika mke," akasema. Kisha, "Au mume. Andika lolote, mwanangu, twende zetu."

Na ningeandika lolote. Siku tatu nzima sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja jinsia yake. Nilisikia jina, nikaona buibui au kanzu, nikabonyeza kishikwambi. Tulikuwa tumekatazwa jambo hilo hilo. Kwenye mafunzo tulielezwa kuwa sensa ya 2009 ilikuwa na majibu mawili tu, na hii ina matatu: mume, mke na huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake ya kuzaliwa hayakuegemea upande mmoja. Mkufunzi akatusimulia habari ya mtoto mmoja wa Nairobi ambaye karatasi zake za hospitali, mahali pa jinsia, ziliwekwa alama ya kuuliza. Mama yake akaipeleka kesi Mahakama Kuu, na hukumu ikatoka 2014. Darasa zima likacheka. Nilicheka nao, na kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Kilichoniokoa siku ile ni sauti ya Bi mkubwa wa nyumba ile, akiniita juu kutoka ghorofani. "Ndoo yuu, mwanangu. Wanaume na wakae barazani." Mzee akakaa. Nikapanda peke yangu.

Mtu wa kidole cha tano nilimjua, kama sote tulivyomjua, kwa jina la Fundi. Alishona kofia, zile nyeupe zinazotobolewa na kuzungushiwa uzi tundu kwa tundu, na kofia zake zilivaliwa na watu ambao hawakumtia machoni hata mara moja. Jina lake halisi silitaji wala mtaa siutaji. Ndilo sharti alilonipa aliponiruhusu kuandika haya. Majina yetu yanasema mno: ukishalisikia jina la mtu wa Lamu umeshajua asimame wapi msikitini na aingie mlango gani arusini. "Fundi" halisemi. Wapwa zake nao walimwita Fundi, wakaepuka kuchagua kati ya mjomba na khalati. Na Kiswahili chenyewe kiliwasaidia, maana kwetu yeye ni yeye, anakuja, amelala, anaumwa. Nyumba ile ilimzungumza mtoto wao zaidi ya miaka hamsini bila ya sentensi moja kumfichua.

Nilipombusu Bi mkubwa mkono, adhana ya laasiri ikaanza. Akaniambia sensa ingoje, tusali kwanza jamaa, sote pamoja, pale pale. Mjukuu wa miaka kama kumi na sita akatangulia kusalisha, wadogo zake wawili nyuma yake. Sisi wanawake tukajipanga mwisho: Bi mkubwa, binti yake na mimi. Fundi akaingia na kanzu nyeupe, juu yake amejitanda leso kuanzia kichwani mpaka kifuani, akasimama katikati, nyuma ya wavulana na mbele yetu. Peke yake. Safu nzima ni yeye.

Sikusali vizuri siku ile, Mola anisamehe. Macho yangu yalikuwa mgongoni mwake. Nimesoma chuoni, madrasa, tangu mdogo, na safu nilizozijua ni za wanaume, watoto wa kiume, kisha wanawake. Kumbe fikihi ya Imamu Shafi, yaani elimu ya hukumu za dini, hii hii tunayoifuata pwani nzima, ina safu nyingine kabla ya ile ya wanawake. Mwalimu wetu aliiruka, au aliisoma haraka tukiwa tumesinzia.

Baada ya sala Bi mkubwa akanieleza, Fundi mwenyewe akiwa dirishani na kofia yake, hakuinua kichwa. Alizaliwa humo humo, katika nyumba ya kati, chumba ambacho wazee wetu walijifungulia na kuoshea maiti wao. Mkunga alisema ni mke. Akavikwa vipuli, akatiwa shule. Alipofika miaka kumi na mitatu hedhi haikuja. Ikaja sauti nzito, na ndevu. Shule akatolewa. Mtoto aliyetolewa shule kwa kosa la sauti yake! Leo Sheria ya Watoto ya 2022 inamtaja mtoto huntha na kumpa haki ya kutendewa kwa heshima. Yeye alipewa sindano na uzi, akawekwa ndani.

Baba yake alimpeleka kwa sheikhe. Bi mkubwa alisimama hapo kidogo. Sheikhe hakushtuka, akaendelea Bi mkubwa. Aliuliza maswali yaliyomo vitabuni, akaangalia alama, akasema huyu ni huntha mushkil, hajabainika, na hukumu zake zimeshaandikwa na wanavyuoni karne nyingi zilizopita. Ajisitiri kama mwanamke. Asimame katika safu yake. Baba alipofariki, urithi nao ukafuata hivyo hivyo: akapewa fungu la binti, ambalo halina shaka, na ile ziada ambayo angeipata kama ni mwana wa kiume ikawekwa, haikugusika. "Ingali pale mpaka leo," akasema Bi mkubwa. Lakini ndoa hakuna. Mushkil haozwi wala haoi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Wapo wanaosema wazee walikuwa na huruma kuliko sisi, na wapo wanaosema dini ilimfungia mtu huyu mlango. Mimi niliyaona yote mawili katika chumba kimoja. Alipewa mahali pa kusimama mbele ya Mola wake, mahali panapojulikana, pasipo na matusi. Na mahali hapo alisimama peke yake umri wake wote. Mtaa haukumpa hata hicho. Mtaa una neno moja chafu, na neno hilo wanatupiwa wote: aliyezaliwa na mwili kama wa Fundi, kijana mwenye mwendo laini, na yule anayesemekana moyo wake umeelekea asikoruhusiwa. Mwili alioumbwa nao mtu, namna anavyojiona nafsini, na anayempenda ni mambo matatu. Ukiyachanganya huwezi kumwelewa hata mmoja wao.

Nikafungua kishikwambi. Umri, ndoa, kusoma na kuandika. Nilipofika kwenye jinsia ulimi ukawa mzito. Bi mkubwa akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, si lazima."

"Nisomee majibu yote," Fundi akasema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake.

Nikayasoma. Akamaliza tundu aliloanza, akakata uzi kwa meno.

"Hilo la tatu."

"Serikali, mwanangu," Bi mkubwa akaanza.

"Mama, Mngu ayua, mtaa wayua. Serikali nayo na iyue."

Nikabonyeza. Akaniuliza kama kuna wengine. Nikamwambia hesabu itatoka. Kesho yake nikaanza kumuuliza kila mtu, nikatukanwa na baadhi yao. Nyumba za siku tatu za mwanzo sikuzirudia.

Hesabu ilitoka Novemba. Wakenya 47,564,296, na kati yao huntha 1,524. Magazeti yakaandika kuwa ni nchi ya kwanza Afrika kuwahesabu. Mimi naamini wako zaidi ya hapo, kwa sababu najua walivyoandikwa wale walioandikwa na mtu aliyesimama dakani.

Nilikwenda kumpa habari kwa miguu yangu, safari hii bila kizibao cha sensa wala mzee wa mtaa. Nikamtajia. Akairudia kwa sauti, elfu moja, mia tano, ishirini na nne, sindano imesimama hewani.

"Wakiya kusali pamoja," akasema, "hao waujaza msikiti wa Riyadha, safu zatoka mpaka nde."

Bi mkubwa akaitikia amina.