Dhahabu ya ami iliyogeuka wino

Mwaka ule nimerudi Wete likizo, nipo mwaka wa tatu wa kemia, kwenye begi nina kichupa cha dhahabu nilichopika mwenyewe maabara, nimekizongea fulana tatu kisije kupasuka melini. Nia yangu moja tu, kumkoga ami, maana ami ni sonara tangu sijazaliwa na kila siku ananambia kemia yangu haivai pete wala haili wali.

Akakiinua juani. "Hii rozela mwanangu, dhahabu iko wapi?"

Nikamwambia ndo yenyewe ami, ila iko vipande vidogo mno, kama nanomita 15 hivi, unywele mmoja unavipanga maelfu. Mwanga ukikipiga kipande kidogo namna hiyo elektroni zake zinayumba zote pamoja, huku na huku, kama maji kwenye ndoo ya kichwani, na mayumbo hayo (wenyewe wanaita plazmoni) yanaoana na mwanga wa kijani, basi kijani kinamezwa, kinachopenya ni chekundu. Ami kimya, anakigeuzageuza tu.

"Sasa mbona kidogo?"

Hapo ndo nikajiharibia. Nikasema ntakiongeza maji, nikateka kisimani uani, na kisima chetu kiko karibu na pwani, maji yake hata chai hayapikwi. Weee! Zambarau, mara buluu, dakika haijesha ishakuwa wino. Chumvi inaua ile chaji ya umeme inayofanya vipande visukumane, vinagandana, na vikigandana mayumbo yanahamia upande wa mwekundu, sasa mwekundu ndo unaomezwa. Faraday, yule mwanasayansi wa Kiingereza, alishaliona hilo London 1857, na mie nilishalijibu kwenye mtihani, lakini kisima nani alikikumbuka.

Ami alicheka mpaka akakohoa. Nikajitetea, nikamwambia ule mstari mwekundu kwenye vipimo vingi vya malaria ni dhahabu hii hii ati. Akanyamaza ghafla.

"Vile vya kutoboa kidole? Na wanavitupa?"

Nikamwambia ami humo hamna kitu, chupa yangu nzima haikufika hata miligramu 2. Sidhani kama alinisikia.

Kesho yake asubuhi nimemkuta kibarazani, miwani puani, kakibana kwa koleo kipimo cha mjukuu wake, anakikwaruza kile kimstari juu ya mizani.