Mcheza Kwao

Juzi usiku mwana wa kaka yangu alinitumia picha ya fomu mbili alizozitandaza juu ya kitanda cha bweni, na chini ya picha aliandika maneno matatu tu: "Shangazi, nijaze ipi?" Fomu ya kwanza ilikuwa ya kiatamizi cha chuo chake, yaani mahali pa kulelea kampuni changa, ukurasa mmoja wenye nafasi ya sahihi ya mhadhiri anayemfahamu mwombaji. Ya pili ilikuwa ya programu ya malezi kama hayo ya nje ya chuo, kurasa sita, na swali lake la kwanza lilikuwa: nani anaitumia kazi yenu leo, na mmejuaje? Nililisoma swali hilo mara mbili, kisha nikailaza simu kifudifudi mezani. Niliwahi kuulizwa swali hilo hilo nikiwa na umri kama wake, na aliyenijibia alikuwa mtu mwingine, kwa spika ya simu, chumba kizima kikisikiliza.

Sina haja ya kusimulia ilivyoanza ile programu yetu ya kompyuta na simu, ya wanafunzi kuweka zamu za kutumia vifaa vya maabara. Mliokuwapo mnajua, na mnajua pia ilivyokwisha. Kilichonirudia usiku ule ni jinsi tulivyotoka nje ya lango la chuo, na kilichotukuta huko katika wiki ya pili.

Tulikuwa tumeshiriki mashindano ya ubunifu ya chuo mara tatu, tukashika nafasi ya kwanza mara mbili na ya pili mara moja, na waamuzi walikuwa karibu wale wale: mkuu wa kitivo, wahadhiri wawili waliotufundisha, na mhitimu mmoja wa zamani aliyekuja kila mara na pongezi zile zile. Mara ya tatu, nilipokwama katikati ya sentensi, mwamuzi mmoja alinimalizia. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi nililichukua jambo hilo kuwa dalili njema, lakini mwenzangu alirudi bwenini amenuna.

"Hawatusikilizi tena," alisema. "Wanatupenda tu."

Mcheza kwao hutunzwa, na sisi tulikuwa tumetunzwa vya kutosha: kompyuta mbili, chumba kidogo karibu na maktaba, vyeti vitatu vya ukutani. Methali haisemi kama mchezaji mwenyewe alikuwa anajua kucheza.

Mwenzangu siku hizo alikuwa ameshikwa na kisa cha wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia, Steve Huffman na Alexis Ohanian, ambao mwaka 2005 walitumia likizo yao kusafiri hadi Cambridge, Massachusetts, kumsikiliza Paul Graham akizungumza. Baadaye waliomba nafasi katika kundi la kwanza kabisa la Y Combinator, programu ya kulea kampuni changa aliyoianzisha Graham na wenzake, wakiwa na wazo la watu kuagiza chakula kwa simu ya mkononi, wakakataliwa. Siku iliyofuata wakapigiwa simu: wazo hatulitaki, ila ninyi tunawataka, njooni na jingine. Hilo jingine ndilo lililokuja kuwa Reddit. Nilidhani mwenzangu alipendezwa na utajiri wa mwisho wa kisa, kumbe alichokipenda ni kule kukataliwa. Alisema kwamba pale chuoni hapakuwa na mtu awezaye kulikataa wazo letu na bado akatutaka sisi, kwa sababu kila aliyetutaka alikuwa amekwisha kulisifu wazo hadharani. Mimi kwa upande wangu, niseme kweli, nilitaka safari.

Tukaomba nafasi katika programu moja ndogo ya aina hiyo. Mahojiano yalichukua dakika kumi, ambazo nane kati yake nilizimaliza nikieleza tuzo zetu. Tukakubaliwa, tukatia sahihi karatasi za kuwaachia asilimia 6 ya hisa za kampuni ambayo haikuwa na chochote cha kugawana, tukaenda kukaa wiki 12 katika mji ambao hakuna mtu aliyemjua hata mhadhiri wetu mmoja.

Ilikuwa Jumanne. Meza ilikuwa ndefu, na watu waliokaa kuizunguka walikuwa 14, wote waanzilishi kama sisi, isipokuwa mlezi wetu, mama mmoja aliyeuza vifaa vya maabara kwa miaka mingi kabla hajageukia kazi ya kulea kampuni changa. Slaidi yetu ya nne ilikuwa ukutani, ile yenye grafu tuliyoionea fahari kuliko zote. Ilionyesha zamu zinavyowekwa siku nzima: mstari unalala chini tangu asubuhi, unalala mchana, kisha ikifika saa 11 jioni unanyanyuka ghafla kama kilima, na ikifika saa 12 unashuka. Kila siku ya kazi, kilima kimoja. Nilieleza, kama nilivyokuwa nimeeleza mara tatu chuoni, kwamba wanafunzi hupanga kazi za kesho yake mara tu baada ya vipindi.

"Mmejuaje?" aliuliza yule mama.

Nikasema grafu inaonyesha.

"Grafu inaonyesha saa. Sababu mmeitia ninyi. Mpigieni mtumiaji mmoja sasa hivi, awe mtu asiye rafiki yenu."

Mwenzangu akafungua orodha ya watu 340 waliojiandikisha. Akaipandisha, akaishusha, akaipandisha tena. Nilikuwa nachungulia begani kwake na nilielewa alichokuwa akikitafuta, maana majina yote niliyajua: huyu tulilala naye chumba kimoja mwaka wa kwanza, huyu tulimwazima daftari, huyu alijiandikisha tukiwa tumemsimamia. Kimya kilianza kuwa kirefu. Hatimaye akachagua jina la msimamizi wa maabara, mzee tuliyekuwa tukimtaja katika kila wasilisho kuwa ndiye mtumiaji wetu wa kila siku, tukiamini kwamba umri wake ulimtoa katika hesabu ya urafiki.

Simu iliita mara nne. Ilipopokewa tulisikia kwanza maji ya bomba na vyombo vya kioo vikigongana kwenye sinki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu! Mko salama huko?"

Mwenzangu akajibu kwamba tuko salama, kwamba tuna swali dogo kuhusu ile programu, na kwamba tuko na wenzetu wa huku ambao wanamsikia. Maji yakafungwa. Tukasikia mlango, kisha sauti yake ikawa karibu zaidi, kama mtu aliyeiziba simu kwa kiganja.

"Basi labda ni vizuri wakisikia na wao," alisema. "Mimi, wanangu, natumia daftari. Vijana wanaandika kwenye daftari kama zamani. Jioni nikishafunga maabara, nakaa na ile simu mliyonipa, naingiza majina yote humo, moja baada ya jingine. Niliona siku mkiingia mkikuta patupu mtavunjika moyo. Na mlikuwa na mashindano."

Niligeuka kuitazama slaidi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kutazama. Kile kilima cha saa 11 jioni, ambacho tulikuwa tumekipaka rangi ya kijani ili kivutie, kilikuwa ni yeye. Kila jioni kwa zaidi ya mwaka mmoja, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba nyuma ya shingo alikaa juu ya kigoda cha maabara akibonyeza herufi kwa kidole kimoja, ili sisi tuendelee kushinda. Siku alizougua, mstari ulilala kutwa nzima, na sisi tuliandika kwenye ripoti kwamba ni athari ya mitihani.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitia haya zaidi. Yule mama aliisogelea simu, akajitambulisha kwa adabu, akauliza: "Mzee wangu, daftari lina nini ambacho programu haina?"

Hakufikiri hata kidogo. "Sahihi," alijibu. Akaeleza kwamba foleni haijawahi kumsumbua, vijana wenyewe hupangana. Kinachomkosesha usingizi ni lenzi ya hadubini kukutwa na mkwaruzo asubuhi na kila mtu akasema aliikuta hivyo. Katika daftari anayeipokea hadubini anatia sahihi mbele ya anayeikabidhi. Katika programu yetu mtu huweka zamu ya saa 9, akamwachia rafiki yake, na kioo kikavunjikia mikononi mwa mtu ambaye jina lake halimo popote. Maelezo hayo yalichukua kama dakika mbili. Sisi tulikuwa tumepita mlangoni pake kwa mwaka mmoja na nusu tukimpungia mkono.

Kabla ya kukata simu akauliza, kwa sauti ya chini, "Nimewaharibia?"

Mwenzangu akasema, "Hapana, Mzee, umetusaidia." Mimi sikuweza kusema neno.

Mengine yaliyofuata nayakumbuka kwa haraka haraka. Tuliiandika programu upya kwa msingi wa makabidhiano ya vifaa, tukaziandikia maabara ambazo hazikuwa na sababu yoyote ya kutuonea huruma. 31 zilikataa au hazikujibu, 3 zikakubali kulipa. Mwenzangu alirudi kufanya mitihani yake. Mimi niliahirisha mwaka mmoja wa masomo, mwaka ambao baba yangu alinikumbusha kwa miaka minne. Kampuni iliishi miaka miwili, ikafungwa bila deni na bila sherehe.

Kwa hiyo nimwambie nini mtoto wa watu? Nilianza kumwandikia jibu la busara nikalifuta. Ningeweza kumwambia kwamba programu za nje hazitoi bure, kwamba kwa masharti yake ya miaka ya karibuni Y Combinator huchukua asilimia 7 ya kampuni kwa dola 125,000, na kuongeza dola 375,000 zinazogeuzwa hisa baadaye, na kwamba programu ndogo kama ile iliyotupokea sisi hutoa pungufu sana ya hapo huku zikitaka hisa zinazokaribiana na hizo. Lakini basi ningelazimika kumwambia pia kwamba bure ya chuo ina maandishi yake madogo. Vyuo vingi vina kanuni zinazokipa chuo haki juu ya kilichobuniwa kwa maabara, mitambo au fedha zake, na wanafunzi huzisoma baada ya mambo kunoga. Kinywaji cha Gatorade kilibuniwa mwaka 1965 na Robert Cade na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida, na kilipoanza kuleta fedha chuo kilidai fungu lake; mgogoro huo ulifika mahakamani na ukamalizwa kwa chuo kupewa sehemu ya mrabaha. Sisi hatukuwa na cha kugombaniwa, ndiyo maana tulikuwa marafiki na kila mtu.

Liko pia suala la muda. Programu nyingi za nje zimepangwa kwa mtu aliye huru kutwa, na mwanafunzi hayuko huru. Kuna zinazomwondoa masomoni kabisa, kama ufadhili wa mwekezaji tajiri Peter Thiel, ambao uliwapa vijana wa kundi la kwanza la mwaka 2011 dola 100,000 kila mmoja kwa masharti ya kuacha chuo. Na kuna zinazomruhusu kuomba sasa akaingia baada ya kuhitimu. Mimi niliyeahirisha mwaka siwezi kumshauri mtu aahirishe, na siwezi kumshauri asiahirishe.

Kisha kuna hili neno lenyewe, kiatamizi. Inasimuliwa kwamba asili yake ni Batavia, katika jimbo la New York, ambako mwaka 1959 Joseph Mancuso alilikata jengo la kiwanda kilichofungwa katika vyumba vya kupangisha wafanyabiashara wadogo, na mmoja wa wapangaji wake alikuwa akiangua vifaranga. Katika lugha yetu neno limetua mahali pake hasa, maana kuku huatamia yai viza kwa joto lile lile analoatamia yai zima. Kutoka chini ya kuku hutajua wewe ni lipi.

Nilikuwa karibu kumtumia maneno hayo, nikiyaona mazuri, ndipo nikamkumbuka Mzee na kigoda chake. Kama asingeingiza yale majina kila jioni, tungekuwa tumekata tamaa mwezi wa tatu, tusingeshinda chochote, wala tusingefika kwenye ile meza ya watu 14 kuaibika. Aliyetudanganya ndiye aliyetufikisha kwa aliyetuambia kweli, na aliyetuambia kweli alikuwa yeye huyo huyo, ila ilibidi tusafiri mbali ndipo apatikane mtu wa kumwuliza. Nimelizungusha jambo hili kwa miaka mingi na bado sijui nilipange upande gani. Alistaafu kabla sijarudi. Daftari lake, niliambiwa, lilibaki maabara.

Mwishowe nilimwandikia mwana wa kaka yangu swali badala ya jibu. Nilimwuliza watumiaji wake huingia saa ngapi.

"Ngoja niangalie, Shangazi," aliandika.

Hiyo ilikuwa juzi, na hadi sasa hajarudi.