Maktaba ya Udaktari Nje ya Geti

Maktaba ya chuo cha udaktari ina kasoro moja ya kimaumbile: mwananchi ambaye elimu ile inahusu mwili wake haipati. Getini anadaiwa kitambulisho, vitabu vimeandikwa kwa Kiingereza, na hata Hinari, mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji ili nchi kama yetu zipate majarida ya tiba bure au kwa bei nafuu, hutoa nywila kwa taasisi, si kwa mama anayeuza ndizi Tengeru. Ndiyo maana mimi, mkutubi niliyezoea kuketi nyuma ya kaunta hapa Moshi, naona kazi yetu haijakamilika mpaka tutoke.

Kutoka kwenyewe kuna namna. Iliyozoeleka ni kubeba maboksi ya vipeperushi, kupiga picha mbele ya bango, kugawa fulana na kuondoka kabla ya mvua. Siibezi kabisa (fulana angalau huvaliwa shambani miaka kadhaa), lakini haina ukutubi ndani yake. Mkutubi huenda kusikiliza swali, akalitafutia jibu katika maandiko yaliyohakikiwa, kisha akalirudisha kwa aliyeuliza, kwa Kiswahili cha kawaida.

Chukulia suala la floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ambayo yakizidi hutia meno madoa. Nje ya kanisa moja upande wa Maji ya Chai, baada ya ibada, bibi mmoja aliitikia shikamoo yangu, akamvuta mjukuu wake mbele na kumwambia afungue mdomo. Meno ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia.

"Mwanangu, maji nayachemsha kila siku mpaka yanatokota. Mbona haya hayaishi?"

Nilimweleza kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Kinyume chake, maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki ikiwa nyingi zaidi katika yale yaliyosalia. Maji ya miteremko ya Meru huichukua kutoka kwenye miamba ya volkano, na vyanzo vingi huko huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Madoa hutokea jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, kwa hiyo anayestahili kulindwa kwanza ni mtoto mdogo ambaye meno yake ya ukubwani hayajaota. Kuhusu kuyachuja, nilimtajia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao umefanyiwa kazi kwa miaka mingi pale Ngurdoto, jirani kabisa na kwake.

"Na magadi ninayoweka kwenye makande je?"

Hilo sikuwa na jibu lake, nikamwambia nitarudi nalo. Tafiti zilizofanyika nchini mwetu zipo: magadi nayo hubeba floraidi, na kiasi hutofautiana kulingana na yalikochimbwa. Nilirudi na karatasi moja ya maandishi makubwa, akaisoma na mkwewe, wakaanza kubishana kama kuloweka maharage usiku kucha kutatosha kuyalainisha.

Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina tovuti ya MedlinePlus tangu 1998, yenye maelezo ya afya kwa lugha nyepesi, na baadhi yake yapo kwa Kiswahili. Naitumia na kuipendekeza, ila kwa swali kama la magadi lazima mtu wa huku atafute mwenyewe. Mipaka nayo ipo: anayenionyesha cheti cha dawa na kutaka nimpunguzie dozi namwelekeza zahanati, hata akisisitiza kuniita daktari.

Kinachotukwamisha zaidi ni ripoti kuliko nauli. Fomu ya mwaka inauliza vitabu vilivyoazimwa na wasomaji walioingia. Swali lililojibiwa uwanjani mwa kanisa halina safu. Nimeomba iongezwe, na kwa sasa maswali yote tunayaandika kwenye kaunta buku, pamoja na tarehe ambayo jibu lilimfikia mwenyewe.